Mgeni wa Wiki Mbili: Je, Vyuo vya Mwanza Viwalipie Wataalamu wa Amani na Haki ya Kimataifa?

Kwenye bajeti ya chuo kikuu kuna kifungu ambacho hukatwa mapema kikao kinapoanza, kisha hurudishwa shingo upande kikao kinapokaribia kwisha: fedha za kumwalika mtaalamu wa nje aje kufundisha amani na haki ya kimataifa. Wanaokikata wana hoja nzito. Chuo kinachoishi kwa ada za wanafunzi kinanunuaje tiketi ya ndege kutoka Ulaya wakati darasa la watu 80 linagombania nakala mbili za kitabu cha sheria ya jinai ya kimataifa? Wanaokitetea nao hawababaishi. Kesi za mauaji ya kimbari haziendeshwi kila siku, na mtu aliyewahi kukaa upande wa mashtaka au wa utetezi anajua mambo ambayo hukumu iliyochapwa haiyasemi.

Kwa maoni yetu, ugomvi huu unahusu kiasi cha fedha ilhali kasoro kubwa iko kwenye mgawanyo wake. Bajeti za wageni huhesabu tiketi, hoteli na posho. Mwenyeji, yaani mhadhiri wa hapa atakayebaki na wanafunzi mgeni akishaondoka, hatengewi hata senti, na hapo ndipo fedha nyingi hupotelea.

Kwa nini kando ya ziwa

Suala hili si la Dar es Salaam peke yake. Ziwa Victoria ni la nchi tatu: Tanzania ina karibu nusu, Uganda inafuatia, na Kenya ina takribani asilimia 6. Mvuvi anayefuata sangara usiku anaweza kujikuta upande wa pili wa mpaka, na tangu jeshi la Uganda lianze doria za uvuvi mwaka 2017, kosa la nyavu linaweza kumfikisha mtu mikononi mwa askari kabla hajamwona hakimu. Kisiwa kidogo cha Migingo kimezigombanisha Kenya na Uganda tangu miaka ya 2000, ingawa mpaka wenyewe uliandikwa katika amri ya Waingereza ya mwaka 1926. Haya ni maswali ya sheria ya kimataifa yanayoanzia mwaloni.

Halafu kuna kumbukumbu ya 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, na kambi ya Benaco ikageuka mji. Mto Kagera ulibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi ziwani. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo yapo makaburi ya pamoja hadi leo, na wakati ule watu wengi pembezoni mwa ziwa waliacha kula samaki. Mwanafunzi wa Mwanza anayesoma mauaji ya kimbari anasoma habari za jirani yake.

Na kuna Butimba. Tanzania ilitoa tamko mwaka 2010 lililoruhusu mtu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, na ikawa nchi iliyoshitakiwa mara nyingi kuliko nyingine mbele ya mahakama hiyo. Walalamikaji wengi walikuwa wafungwa waliolalamikia jinsi kesi zao za jinai zilivyoendeshwa, baadhi yao wakiwa katika Gereza Kuu la Butimba, Mwanza. Novemba 2019 serikali iliondoa tamko hilo, na mwaka mmoja baadaye mlango ukafungwa kwa kesi mpya za aina hiyo. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kiko Malimbe, si mbali na gereza lile. Kilitokana na kituo cha mafunzo cha Nyegezi kilichoanza mwaka 1960, kikawa chuo kikuu 1998, na kinafundisha sheria pamoja na uandishi wa habari. Kwa hiyo anayesema somo hili ni anasa ya wazungu hajatazama linafundishiwa wapi.

Kile ambacho mgeni anakileta

Tuchukue kesi moja inayowafaa wanasheria na wanahabari kwa pamoja: kesi ya vyombo vya habari iliyosikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa kwa Azimio namba 955 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kuketi Arusha. Hukumu ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003 dhidi ya Nahimana na Barayagwiza wa redio RTLM, na Ngeze wa gazeti la Kangura. Rufaa iliamuliwa tarehe 28 Novemba 2007. Nahimana alishuka kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 30, Ngeze kutoka maisha hadi miaka 35, Barayagwiza kutoka miaka 35 hadi 32.

Mwanafunzi akisikia hivyo tu hudhani mahakama ya rufaa ililegeza kamba. Sivyo. Ilichokifanya ni kupima wakati na aina ya kosa: wajibu wa Nahimana kuhusu uchochezi wa RTLM ulibaki kwa matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994, mauaji yalipoanza, na yaliyochapwa au kutangazwa kabla ya mwaka 1994 hayakuweza kuadhibiwa yenyewe kwa kuwa mamlaka ya mahakama ilianza Januari 1994. Maneno ya chuki na uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari vikatenganishwa. Mtangazaji wa redio ya mkoani, msimu wa uchaguzi, anahitaji kuijua tofauti hiyo vizuri kabisa.

Hukumu zote mbili zinapatikana bure mtandaoni. Mhadhiri yeyote makini wa Mwanza anaweza kuzifundisha, na wapo wanaozifundisha vizuri. Kinachokosekana ni kazi iliyo nyuma yake: kanda ya redio ilipatikanaje, tarehe yake ilithibitishwaje, nani aliiandika neno kwa neno kwa Kinyarwanda, nani akaitafsiri kwa Kifaransa na Kiingereza, na upande wa utetezi ulipinga tafsiri kwa utaratibu gani. Kazi hiyo huiangusha au huisimamisha kesi, na hujifunzwa kwa kumwona aliyeifanya akiichambua kanda moja mezani, saa tatu au nne, na wanafunzi wakijaribu wenyewe. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote upande wa kumlipa mgeni. Hoja za hadhi ya chuo, picha za mapokezi na idadi ya hati za makubaliano hazina uzito, na wanaozitumia wanaidhoofisha kesi yao wenyewe.

Kuna hoja ya pili isiyosemwa sana kikaoni. Mgeni anaweza kulijadili hadharani jambo kama la kuondolewa mwaka 2019 kwa lile tamko la Mahakama ya Afrika bila kujiuliza mkataba wake wa ajira utakuwaje mwezi ujao. Hoja hii ina upande wake mbaya pia: mgeni anasema, anapigiwa makofi, anapanda ndege, maswali ya baadaye yanamkuta mwenyeji. Kama mada ni nyeti, mwenyeji ashirikishwe kuiandika na kukubali namna itakavyotangazwa, la sivyo ni kumtwisha mtu mzigo asioujua.

Hesabu yenyewe

Sasa fedha. Mgeni wetu wa mfano ni mwanasheria anayetoka The Hague, Uholanzi, kuja Mwanza kwa siku 14. Namba hizi ni makadirio ya kupangia, si bei rasmi, isipokuwa pale tunapotaja ada ya serikali. Tiketi pamoja na ndege ya ndani hadi Mwanza: dola 1,500. Viza ya biashara, inayotolewa kwa hadi siku 90: dola 250. Hoteli ya kawaida kwa dola 60, usiku 14: 840. Chakula dola 25 kwa siku: 350. Usafiri wa mjini: 200. Bima: 100. Posho ya kufundisha dola 150 kwa siku: 2,100. Jumla dola 5,340.

Hapo mkuu wa idara hufunga daftari, na hapo ndipo anapokosea. Malipo ya huduma kwa mtu asiye mkazi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Barua ya mwaliko ikishaandika kwamba mgeni "atalipwa dola 2,100", yeye anatarajia kuzipokea zote. Ili mkononi zifike 2,100, chuo lazima kitenge dola 2,471. Tofauti ya dola 371 haina kifungu, na kwa kawaida hufidiwa kwa kukopa kwenye fedha za utafiti za idara. Dawa ni sentensi moja kwenye barua: kiasi ni kabla ya kodi. Jumla iliyorekebishwa ni dola 5,711, ambazo kwa kukadiria shilingi 2,500 kwa dola ni kama shilingi milioni 14.3.

Viza nayo ina mtego. Baadhi ya wageni huomba viza ya kawaida ya dola 50 kwa sababu ni nafuu na hupatikana haraka, kisha wanasimama darasani. Viza ile haimruhusu mtu kufanya kazi, na Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamgusa mwajiri kama inavyomgusa mwajiriwa. Ofisi ya Kamishna wa Kazi iulizwe kwa maandishi kabla tiketi haijanunuliwa kama kazi iliyopangwa inahitaji kibali. Mgeni akitaka pia kuhoji watu, iwe wakimbizi, wavuvi au wafungwa wa zamani, huo ni utafiti, na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) kinahitajika. Hicho hakipatikani kwa wiki moja. Anayepitia nchi yenye homa ya manjano na kukaa uwanjani zaidi ya saa 12 atadaiwa cheti cha chanjo. Mambo madogo, lakini mgeni aliyezuiwa uwanja wa ndege siku ya Jumapili hufuta mhadhara wa Jumatatu.

Tatizo la ratiba ni kubwa kuliko yote hayo, na halitatuliwi kwa fedha. Maprofesa wa Ulaya na Marekani huwa huru Julai na Agosti. Vyuo vyetu miezi hiyo viko likizo ndefu au vinamalizia mitihani. Matokeo yake mgeni hufundisha ukumbi wenye watumishi wanne na wanafunzi wachache wanaoishi karibu. Wiki zinazofaa ni katikati ya muhula, na katikati ya muhula yeye ana darasa lake huko kwao. Ndiyo maana wataalamu waliostaafu, majaji waliomaliza muda na mawakili wa kujitegemea mara nyingi ni chaguo bora kuliko profesa mwenye jina kubwa.

Kuna na hesabu ya mtaala. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, kredito moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Somo la kredito 12 ni saa 120, zikiwemo za kujisomea. Mgeni wa wiki mbili atatoa labda saa 16 au 20 za darasani. Hawezi kubeba somo zima, na akijaribu, wanafunzi watafanya mtihani kwenye nusu ya silabasi. Mahali pake ni kipande cha somo ambalo mwenyeji analimiliki.

Wanaosema fedha ziende kwingine

Upande wa pili wasikilizwe vizuri, kwa sababu hoja yao ya msingi haihusu ubahili. Wanasema fedha za mgeni huchagua mada. Mfadhili wa nje anapenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague (ICC), mauaji ya kimbari na kesi kubwa. Hapendi sana kugharimia mhadhara juu ya mvuvi wa Ukerewe aliyekamatwa nje ya mpaka, au juu ya Kifungu cha 30 cha Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kinachompa mtu miezi miwili tu kufungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki. Mwaka ukiisha, idara ina vipindi sita juu ya The Hague na hakuna hata kimoja juu ya ziwa. Tunakubaliana na lawama hii. Tiba yake ni chuo kuandika mada kwanza na kumtafuta mtu baadaye, na si kupokea wasifu wa mtu kisha kumtafutia mada.

Wanasema pia kwamba wataalamu wapo hapa hapa. Ile mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda ilifanya kazi Arusha hadi tarehe 31 Desemba 2015, ikiwa imewafungulia mashtaka watu 93. Kazi iliyobaki na nyaraka zake vipo Lakilaki, nje kidogo ya mji wa Arusha. Watanzania walifanya kazi mle kama mawakili, wakalimani, watunza nyaraka, walinzi wa mashahidi. Mtu wa aina hiyo hahitaji viza, hapotezi siku mbili kwa uchovu wa safari, na anaweza kurudi muhula ujao. Kwa shilingi milioni 14.3 za mgeni mmoja wa The Hague, chuo kinaweza kuwaleta wataalamu watatu au wanne wa Arusha kwa nyakati tofauti.

Hata hivyo "wa karibu" haimaanishi "wa bure", wala si kila mtu wa Arusha ni mwalimu. Jaji aliye kazini hawezi kuzungumzia shauri lililo mbele yake, na mara nyingi hapokei posho. Mhadhara wake huishia kwenye historia ya mahakama na muundo wake, mambo ambayo yamo kwenye kijitabu. Mtumishi wa zamani naye anabanwa na kiapo cha siri, hasa aliyeshughulika na mashahidi waliolindwa. Kabla ya kumwalika, aulizwe waziwazi ni kitu gani anaruhusiwa kukionyesha.

Tunachokiona kikisahaulika na pande zote mbili ni amani. Mijadala ya bajeti huanza na "amani na haki" na kumalizikia kwenye mahakama. Eneo hili lina mafunzo ya amani ambayo The Hague haiwezi kuyatoa. Mkataba wa Burundi ulisainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwalimu Nyerere aliusuluhisha hadi alipofariki Oktoba 1999, Mandela akaumalizia. Kaskazini mwa Uganda, hati za ICC za mwaka 2005 dhidi ya viongozi wa kundi la waasi la LRA ziliingia katikati ya mazungumzo ya Juba ya 2006 hadi 2008, na ubishi haujaisha kama zilimleta mkuu wao Kony mezani au zilimfukuza. Ongwen, mmoja wa makamanda wa LRA, alihukumiwa miaka 25 mwezi Mei 2021. Watu wanaoweza kulifundisha hilo kwa undani wako Gulu, ambako Chuo Kikuu cha Gulu kina taasisi ya masomo ya amani, na Kampala, ambako Makerere ina kituo cha amani cha Rotary kinachofundisha watu waliokwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Mganda haombi viza kuja Mwanza. Kwa mada ya amani dhidi ya haki, tungemwita mtu wa Gulu kabla ya mtu wa The Hague, hata kama bei ingekuwa sawa.

Nani alipe

Zipo njia tatu, na kila moja ina kamba yake. Ya kwanza ni programu za kubadilishana. Katika Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, mwalimu anaweza kuja kwa siku 5 hadi miezi miwili, anatakiwa afundishe angalau saa 8 kwa wiki, na posho yake ya siku hushuka hadi asilimia 70 kuanzia siku ya 15. Ndiyo maana wengi huondoka siku ya 14. Mpango wa wataalamu wa Fulbright, wa serikali ya Marekani, huleta Mmarekani kwa wiki 2 hadi 6 ukilipa safari na posho, lakini malazi, chakula na usafiri wa ndani ni juu ya chuo mwenyeji. Neno "umelipiwa" huwadanganya wahasibu wengi: kwenye mfano wetu sehemu ya mwenyeji ingekuwa dola 1,390. Mpango wa Carnegie kwa wanataaluma wa Kiafrika walioko Marekani na Kanada ulioanza 2013 uliihusisha Tanzania, na ulikuwa na sifa moja tunayoipenda: chuo mwenyeji ndicho kilichoandika mradi kikieleza kinamtaka mtu wa kufanya nini. Udhaifu wa jumla wa njia hii ni kwamba serikali au wakfu wa nje ukibadili vipaumbele, programu hufa kwa barua pepe moja.

Ya pili ni wakfu wa chuo wenyewe. Marekani huu ndio utaratibu wa kawaida. Joan Kroc alipofariki mwaka 2003 aliviachia vyuo vikuu vya Notre Dame na San Diego dola milioni 50 kila kimoja kwa taasisi zao za amani. Huko mgeni analipwa kwa faida, mtaji haushikwi. Hapa kwetu tungeanza na kiasi kidogo sana. Ukitumia asilimia 4 ya mtaji kwa mwaka, mgeni wa milioni 14.3 anahitaji mtaji wa kama milioni 357. Hati fungani za muda mrefu za serikali zimelipa riba ya tarakimu mbili kwa miaka mingi. Ukichukulia asilimia 12 na kurudisha 3 kwenye mtaji ili mfumuko wa bei usiule, unabaki na 9, na mtaji unaohitajika unashuka hadi kama milioni 159. Bado ni fedha nyingi, lakini si ndoto kwa wahitimu wa sheria wa kipindi cha miaka 20 wakichangia kidogo kidogo. Sharti ni akaunti iwe tofauti na isiazimwe kulipa mishahara. Tukiwa wakweli, sharti hilo ndilo gumu.

Ya tatu ni ada za wanafunzi, yaani bajeti ya kawaida. Kwa njia hii tungekuwa wagumu: isitumike kumleta mtu wa mbali mpaka idara iwe na vitabu na mhadhiri wa kudumu wa somo hilo.

Mgawanyo tunaoupendekeza

Tukirudi kwa mgeni wetu wa siku 14: tumpunguzie hadi 10. Siku nne za hoteli, chakula na posho yenye kodi ni kama dola 1,046, karibu shilingi milioni 2.6. Tunajua hasara yake: tiketi haipungui, kwa hiyo kila saa ya kufundisha inakuwa ghali zaidi. Lakini milioni 2.6 zinatosha kumlipa mwalimu wa muda abebe somo jingine la mwenyeji muhula huo, na kununua vitabu kadhaa. Mwenyeji aliyepunguziwa mzigo ndiye anayeweza kuwaandaa wanafunzi. Asiyepunguziwa humpokea mgeni uwanja wa ndege, humtafutia laini ya simu, humpeleka hotelini, na hupitwa na mihadhara mwenyewe kwa sababu ana darasa la mwaka wa kwanza saa ile ile. Hilo tumeliona likitokea mara nyingi mno kuliita bahati mbaya.

Muhula wenyewe tungeupanga hivi. Wiki sita za kwanza mwenyeji anafundisha misingi na wanafunzi wanasoma sehemu zilizochaguliwa za hukumu, kurasa 40 au 50, si hukumu nzima ya mamia ya kurasa. Mgeni anaingia wiki ya saba na ya nane, na muda wake mwingi unakwenda kwenye mazoezi: kuchambua ushahidi, kuhoji shahidi wa kuigiza, kuandika hoja ya kurasa tatu. Jioni moja ya wazi kwa wananchi inatosha, na ifanyike kwa Kiswahili mkalimani akiandaliwa kwa nyaraka siku mbili kabla. Wiki ya kumi na ya kumi na mbili anarudi kwa njia ya mtandao, saa moja na nusu kila mara, kusahihisha hoja zile. Umeme na intaneti vikikatika, mwenyeji anayo maandishi yake na kipindi kinaendelea.

Malipo yafuate kazi. Asilimia 60 ya posho ilipwe siku ya mwisho ya ziara, asilimia 40 baada ya masomo ya mtandao, maandishi ya kufundishia na swali moja la mtihani kukabidhiwa. Mkataba useme rekodi za mihadhara ni mali ya nani na zitatumika miaka mingapi. Masurufu ya mapokezi yachukuliwe na mtumishi wa utawala, si mhadhiri, maana risiti ya teksi isiyopatikana humzuilia mhadhiri masurufu mengine mwaka mzima.

Wapo watakaosema mpango huu unamgeuza mgeni mashuhuri kuwa msaidizi wa mhadhiri wa Malimbe. Ndiyo, kwa wiki hizo. Asiyependa kuwa hivyo aje kutoa mhadhara mmoja kwa gharama zake, na atakaribishwa.

Na kama kifungu kimebaki na milioni 6 tu, tusimwite mtu. Coaster ya siku nne kwa shilingi 350,000 kwa siku ni milioni 1.4. Kutoka Mwanza hadi Arusha kwa njia ya Singida ni karibu kilomita 800, hivyo kwenda, kurudi na mizunguko ya mjini ni kama lita 320 za dizeli, sawa na 960,000 kwa shilingi 3,000 kwa lita. Wanafunzi 25, mwenyeji na dereva, malazi ya shilingi 20,000 kwa usiku tatu na chakula cha 15,000 kwa siku nne, ni milioni 3.24. Jumla milioni 5.6. Siku mbili kati ya hizo nne zinaliwa na barabara, kwa hiyo gari liondoke saa 10 alfajiri na siku mbili zinazobaki zigawanywe kati ya nyaraka za Lakilaki na mahakama za mjini. Mahakama ya Afrika ina vikao vinne vya kawaida kwa mwaka, lakini sehemu kubwa ya kikao ni majaji kujadiliana faraghani. Ombi lipelekwe kwa msajili mapema likiuliza siku ya kusomwa hukumu, na tarehe ya safari ipangwe baada ya jibu, si kabla.